Nyuma ya Mkimbiaji wa Mwisho

"Kaka, hilo ni gari la wagonjwa, si nguzo ya kuegemea."

Mwoka mikate aligeuka, mguu mmoja ukiwa juu ya bampa ya ambulensi na kamba ya kiatu mkononi. Uwanja wa mbele ya ukumbi wa jiji ulikuwa umefurika asubuhi hiyo. Vijana walinyoosha viungo, akina mama waliovaa fulana za rangi ya machungwa walipigana picha, spika zilivuma mpaka vioo vya maduka vikatetemeka, na harufu ya dawa ya kuchua misuli ilikuwa imetanda kila mahali. Katika zogo lote hilo yeye alikuwa amepata mahali pamoja tu ambapo angeweza kukishinda kitambi chake na kukifikia kiatu, napo ni kwenye bampa hiyo.

Dereva alikuwa amechomoza kichwa dirishani. Alivaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi ikakubali, na juu yake kizibao cha njano chenye mistari ya kung'aa. Nywele zilisukwa kurudi nyuma na midomo ilikolea rangi nyekundu, kama mtu aliyekuwa akienda harusini akapitia kazini.

"Samahani, dada. Natafuta pa kufungia kamba."

"Funga basi, usije ukaanguka nikakubeba kabla mbio hazijaanza. Na hiyo namba kifuani umeibandika juu chini. Wewe ni mia sita sitini na tisa au mia sita tisini na tisa?"

Mwoka mikate akajiangalia. "Hata sijui. Nilijibandika gizani, mwanangu akanishikia tochi."

Dereva alicheka, kicheko cha wazi kisichoombwa radhi. Akateremka, akabandua pini nne moja baada ya nyingine, akaigeuza namba na kuibandika upya. Alinukia sabuni na karafuu. Mwoka mikate, aliyekuwa hajasogelewa na mwanamke kwa karibu namna ile kwa miaka saba, alibana pumzi na kuvuta tumbo ndani.

"Pumua, kaka," Dereva alisema bila kuinua macho. "Kilomita kumi hazikimbiwi kwa pumzi moja."

Watu wa mtaani kwake walimwita Baba Chiriku. Chiriku ndilo jina alilopewa binti yake na wauguzi, kwa sababu tangu anaingia hospitali ya watoto akiwa na figo zilizogoma mpaka anatoka, miezi saba baadaye, mdomo wake haukupumzika hata siku moja. Mama yake alikuwa amefariki mtoto akiwa na miaka miwili. Baba alikuwa akimaliza kuoka alfajiri, anamwachia dada yake duka, kisha anakwenda kukaa kando ya kitanda cha mwanawe. Kwenda na kurudi alikuwa akipita kwenye wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla miezi haijatimia. Siku moja kupitia kioo aliona wawili wamelazwa kwenye kitanda kimoja cha joto, mmoja huku kichwa, mwingine kule, kama viatu ndani ya boksi. Muuguzi alimwambia vitanda havitoshi. Picha hiyo haikumtoka.

Chiriku alipopona, baba yake alimfuata mwenye kinu aliyemuuzia unga miaka yote. Mzee huyo alikuwa na mali na alipenda mzaha kuliko mali. Alimtazama mwoka mikate kuanzia kitambi hadi kandambili, akasema, "Kuna mbio nne za hisani mwaka huu kuichangia hospitali hiyo. Wewe ukimaliza zote nne, kitanda kimoja cha joto nanunua mimi." Watu dukani wakaangua kicheko. Mwoka mikate hakucheka. Alimpa mkono.

Ndivyo alivyojikuta siku ile kwenye mbio za kwanza, na kufika kilomita ya tatu alikuwa wa mwisho. Nyuma yake hakukuwa na mtu ila ambulensi, ambayo kazi yake ilikuwa kumfuata mkimbiaji wa mwisho mpaka utepe wa kumalizia.

"Kaka," sauti ikatoka dirishani, "unajua gari hili lina gia tano? Leo nimetumia moja tu."

"Mwenda... pole... hajikwai," alijibu akihema.

"Kweli kabisa. Ila na konokono naye anatusalimia, hebu muitikie."

Alicheka mpaka akasimama kushika mbavu. Dereva akasimamisha gari, akampa chupa ya maji, akamngoja. Kilomita saba zilizobaki walizimaliza kwa mazungumzo. Dereva alimuuliza kwa nini anakimbia, naye akamweleza habari za Chiriku na za vile viatu ndani ya boksi. Hapo Dereva akawa kama mtu anayesikiliza injini.

Walipovuka mstari, wafagiaji walikuwa wameshaanza kuokota vikombe. Dereva alimwandikia namba yake ya simu nyuma ya karatasi ya usajili.

"Ukifika nyumbani nipigie nijue umefika mzima. Ni utaratibu wetu kwa mkimbiaji wa mwisho."

Alipiga kabla hajavua viatu.

"Nimefika mzima."

"Vizuri. Na kesho pia piga."

"Huo nao ni utaratibu?"

"Umeanza leo," Dereva alisema, akakata simu.

Miezi miwili ikapita na simu hizo zikawa kama chumvi kwenye chakula, siku bila yake haikolei. Alimpigia akitoa mikate tanurini, naye akapokea akiwa kituoni anasubiri kuitwa. Dereva alimwita Kobe. Mwoka mikate alianza kwa "dada", akahamia "Dereva", na siku moja ulimi ukateleza, akasema "Dereva wangu", wote wawili wakaanza kuongea kwa pamoja. Kila Jumatano alipopeleka mikate ya bure hospitalini, alizungukia kituo cha ambulensi akiwa na mkate mmoja wa moto ndani ya taulo, wenye ufuta juu, na wenzake Dereva walijifunza kuwa huo hauombwi kipande.

Mbio za pili alimaliza akiwa wa mwisho tena, lakini kwa dakika kumi na nne pungufu. Wiki iliyofuata Dereva alikuja dukani mchana, siku yake ya mapumziko. Alivaa gauni la zambarau lililombana kiunoni na kumwachia magotini, na hereni ndogo zilizocheza alipogeuza shingo. Mwoka mikate alitoka nyuma ya meza akiwa na aproni na kofia nyeupe, mikono imejaa unga, akasahau alichotaka kusema.

"Funga mdomo, Kobe, nzi wataingia."

"Umependeza mpaka hamira imeumuka yenyewe."

Chiriku, miaka tisa, meno mawili hayapo, alimshika mgeni mkono na kumtembeza. Alimwonyesha tanuri, magunia, paka, kovu lake la hospitali, na daftari alimoandika muda wa baba katika kila mbio. Kisha akauliza, "Anti Dereva, unaweza kuwasha king'ora nje ya shule yetu? Mara moja tu?" Shangazi yake akamkaripia, lakini Dereva alishakubali kwa jicho.

Alipoondoka, mwoka mikate alimsindikiza mpaka kona, na pale pa kuagana akaweka mkono begani mwake muda mrefu kuliko inavyohitajika kumuaga mtu. Dereva alipita mtaa mzima akiwa na alama ya vidole vitano vyeupe juu ya gauni la zambarau. Alipofika nyumbani akapiga simu.

"Kobe, umenipiga mhuri."

"Nitalipeleka kwa dobi."

"Thubutu!" alisema. "Acha kwanza likae."

Mbio za tatu zilikuwa kilomita kumi na tano, na siku hiyo jua lilitoka limekasirika. Kijana wake wa tanuri alikuwa ameugua, kwa hiyo mwoka mikate alikanda na kuoka peke yake usiku kucha na akafika uwanjani hajala wala hajanywa cha maana. Hakumwambia mtu. Kilomita ya kumi aliacha kujibu utani. Kilomita ya kumi na mbili Dereva aliona miguu yake inachora herufi barabarani, na jasho limekauka mwilini ghafla kama lililofutwa.

Alisimamisha gari, akashuka mbio, akamshika uso.

"Nitazame. Leo siku gani?"

"Niache... zimebaki tatu."

"Nimekuuliza leo siku gani."

Hakujua. Dereva akamgeukia muuguzi aliyekuwa naye garini. "Machela." Kisha akaziondoa zile pini nne kwa mkono wake mwenyewe na kuichukua namba, kwa maana sheria ilisema aliyeingia kwenye ambulensi amekwisha kutoka mbioni.

Mwoka mikate alipoiona namba mkononi mwa Dereva, akapata nguvu asizokuwa nazo. Akilini alimwona mwenye kinu akicheka. Aliviona vile viatu ndani ya boksi.

"Unajua unachofanya? Umechukua kitanda cha mtoto! Umechoka tu kunifuata, unataka urudi nyumbani! Wewe huna uchungu. Ungekuwa na mtoto ungejua!"

Muuguzi aliinamisha kichwa. Dereva alibaki amesimama na namba mkononi, rangi nyekundu ya midomo ikaonekana peke yake kwenye uso wake.

"Funga mlango," alimwambia muuguzi kwa sauti ndogo. Akapanda, akawasha king'ora, akaondoa gari.

Daktari alimtundikia maji chupa tatu. Jioni alikuja na majibu ya vipimo, akavuta kiti.

"Figo zako zilikuwa mlangoni zinaaga. Kilomita mbili zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine, tena si na wewe. Aliyekutoa barabarani amemwachia binti yako baba."

Mwoka mikate aligeukia ukutani.

Alipiga simu siku hiyo, haikupokelewa. Akapiga kesho yake, na kesho kutwa. Aliandika ujumbe, "Nisamehe," akaufuta, akaandika mrefu, akaufuta, mwisho akatuma ule ule wa kwanza. Jumatano alipeleka mkate wa ufuta kituoni. Mkate ukarudi dukani kabla ya saa sita, taulo limekunjwa vizuri juu yake.

"Ulimwambia nini?" dada yake aliuliza. Alipoelezwa, aliweka ufagio chini. "Ndugu yangu, wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kina plasta."

Ni muuguzi wa wodi ya njiti aliyemfumbua macho. Alikuwa akipokea mikate, akamwona jinsi alivyonyong'onyea, akamdodosa mpaka akamtaja Dereva.

"Yule dereva? Wewe hujui?" Akatazama huku na huku. "Mwanawe aliletwa hapa miaka mitano iliyopita, amezaliwa kwa mimba ya miezi sita na nusu. Mtoto aliishi siku kumi na moja. Vitanda vilikuwa vimejaa, watoto wakawa wanapokezana. Baadaye mume akaondoka. Hizi mbio zote unazoziona, yeye ndiye wa kwanza kugonga milango ya wakubwa kuziomba. Anaendesha siku za mbio bila malipo."

Mwoka mikate alitoka nje akakaa juu ya kreti tupu la mikate. Alikaa hapo mpaka mlinzi akaja kumuuliza kama anajisikia vibaya. Akasema ndiyo.

Alianza na lile alilokuwa na uwezo nalo. Alikwenda kwa mwenye kinu na kumwambia kweli yote, bila kupunguza: hakumaliza mbio za tatu. Mzee alikuna kidevu. Safari hii hakufanya mzaha, labda kwa sababu aliyesimama mbele yake hakuwa na uso wa kutaniwa.

"Nne ni nne, na wewe unazo mbili. Lakini za mwisho ni kilomita ishirini na moja. Zinaanza saa kumi na mbili na nusu. Ukivuka kabla ya saa tatu na nusu, nasahau hesabu nyingine zote. Ikipita dakika moja, tusilaumiane."

Muda wa saa tatu tu. Katika daftari la Chiriku hakukuwa na mbio hata moja zilizokaribia kasi hiyo. Mwoka mikate alirudi kwa daktari kuomba ruhusa, akapewa pamoja na masharti: kulala, kula, kunywa maji, kupungua. Akaajiri msaidizi wa pili wa tanuri. Kila asubuhi mtaa ulimwona akizunguka soko mara nne, halafu sita, halafu kumi, Chiriku akimfuata kwa baiskeli na kumhesabia kwa sauti iliyoamsha hata waliokuwa likizo. Suruali zikaanza kumpwaya. Mikate iliyokuwa ikipungua dukani bila mnunuzi ikaanza kubaki kamili.

Jioni moja, akiwa anakung'uta magunia nyuma, alimsikia binti yake ndani akiongea na simu.

"Anti Dereva? Ni mimi. Baba hajui nimechukua simu. Anti, baba anakula, lakini anakula kimya." Akasikiliza. "Ndiyo, kila siku. Jana mara kumi." Akasikiliza tena. "Sawa. Sawa. Nitamwambia."

Mwoka mikate aliingia na gunia mkononi. "Amesemaje?"

"Amesema unywe maji kabla hujasikia kiu."

"Na nini tena?"

"Basi, hilo tu."

Hilo tu. Aliliweka moyoni kama barua ya kurasa kumi.

Siku ya mbio za nne mawingu yalifunika jiji na upepo ulikuwa mwanana. Alifika mapema, namba imesimama sawa kifuani. Aliiona ambulensi mwisho kabisa wa msururu, na nyuma ya kioo zile nywele zilizorudi nyuma. Aliinua mkono. Hakuweza kuona kama aliitikiwa, kwa sababu bunduki ya kuanzia ililia na umati ukambeba.

Alikimbia kwa akili. Kilomita ya kwanza alijizuia, ya tano alijiona mwepesi, ya tisa akawapita vijana wawili waliomcheka kwenye mbio za kwanza. Alikunywa kwenye kila meza ya maji kabla ya kiu. Lakini jambo moja lilimtesa ambalo hakulitazamia. Kila alivyokimbia vizuri, ndivyo alivyozidi kuwa mbali na lile gari. Mara mbili aligeuka nyuma. Barabara ilijaa watu, ambulensi haikuonekana.

Kilomita ya kumi na nane paja likakaza kama kamba ya kigingi. Akachechemea. Saa ya kanisa ilionyesha saa tatu na dakika tatu. Alijiambia mguu ule ule, hatua ile ile, kama kukanda: sukuma, kunja, sukuma. Kilomita ya ishirini alisikia sauti moja ikizipasua nyingine zote.

"Babaaa! Dakika kumi! Una dakika kumi! Usimwangalie mtu!"

Chiriku alikuwa juu ya ukuta wa maktaba, shangazi amemshika kiuno asiruke. Kando ya utepe alisimama mwenye kinu na saa yake ya mnyororo, na nyuma yake wauguzi wa wodi ya njiti waliovaa sare, kila mmoja akipunga kofia. Mwoka mikate hakujua tena kama ana miguu. Alivuka saa tatu na dakika ishirini na nane, akapiga magoti, akainuka, akapigwa na kitu kifuani: alikuwa Chiriku.

"Umeweza! Umeweza! Umemaliza na hukubebwa!"

Mwenye kinu alifunga saa yake kwa kishindo. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakujali. "Nimeuza unga miaka arobaini," alisema, "sijawahi kushindwa nikafurahi. Kitanda kinakuja. Tena naongeza cha pili, maana umenitia aibu." Wauguzi wakampigia vigelegele mpaka mtangazaji akasimamisha muziki.

Mwoka mikate alivishwa medali, akanywa maji, akambusu mwanawe utosini. Kisha akamwambia dada yake, "Mshike. Nakuja."

"Unakwenda wapi na mguu huo?"

"Kuna mtu nyuma."

Akaanza kurudi njia aliyoijia, akichechemea kinyume cha waliokuwa wakimalizia. Watu walimpigia kelele kuwa amepotea njia. Alipunga mkono na kuendelea. Baada ya kilomita moja na ushei, barabara ilipokwisha watu, aliwaona. Mbele alikuja mwalimu mstaafu, bibi wa miaka sabini na minne mwenye kofia pana na fimbo ya kutembelea. Nyuma yake, kwa gia ya kwanza, ambulensi.

Dereva alimwona. Hakusimamisha gari, alishusha kioo.

"Kaka, mwisho wa mbio uko huko ulikotoka."

"Nimeshamaliza."

"Najua. Nimesikia redioni." Akaitupia jicho medali yake. "Hongera."

"Sikuja kupongezwa." Alishika ukingo wa dirisha, akatembea sambamba na gari. "Siku ile uliniokoa, mimi nikakulipa kwa neno ambalo haliambiwi hata adui. Na sikulisema kwa sababu ya jua. Nililisema kwa sababu nilikuwa nimekasirika na nilitaka likuume. Nimeambiwa habari za mwanao. Nisamehe, Dereva."

Dereva aliangalia mbele, mikono yote kwenye usukani.

"Tulikuwa bado tunabishana jina," alisema baadaye. "Siku kumi na moja, na tulikuwa bado tunabishana jina. Unajua kilichoniuma siku ile? Si kwamba hukujua. Nilikuwa nimepanga kukuambia mchana huo huo, mbio zikiisha. Nilikuwa nimekuchagua wewe uwe mtu wa kuambiwa."

Mwoka mikate hakuachia ukingo wa dirisha. Walitembea hatua nyingi, fimbo ya mwalimu ikigonga lami.

"Niambie leo, basi," alisema. "Siendi popote."

Dereva akamwambia. Alimwambia nywele za mtoto zilivyokuwa, vidole alivyomshika navyo, kelele ya mashine ilivyonyamaza. Alilia kidogo bila kuachia usukani, naye mwoka mikate alilia zaidi yake. Mwishowe Dereva akajifuta kwa kiganja.

"Na jambo jingine ulijue mapema. Daktari alisema sitazaa tena. Kwa hiyo kama una mipango ya..."

"Mipango ninayo," alidakia. "Lakini nina Chiriku mmoja anayeongea kwa niaba ya watoto saba. Wa pili akija mimi nitahama." Dereva akacheka katikati ya machozi, kile kicheko cha wazi, na mwoka mikate akaona aseme sasa au asiseme kabisa. "Nataka kukuoa. Nataka tuzeeke pamoja. Kubali."

"Eeeh!" mwalimu mstaafu alisema mbele yao bila kugeuka. "Na mimi niko hapa hapa nasikia. Mjibu, binti yangu, nisije nikafa na duku­duku."

Dereva alikaza uso. "Niko kazini. Jibu utapewa mkimbiaji wa mwisho akivuka mstari."

Mwoka mikate akamtazama mwalimu. Akamsogelea kwa heshima. "Mwalimu, shikamoo. Tunaweza kuongeza mwendo kidogo?"

"Marahaba. Thubutu unikimbize! Nimelipia barabara hii, nitaimaliza yote." Akamkabidhi kofia amshikie, akashika mkono wake. "Ila kwa ajili ya mapenzi nitaacha kusimama kusalimia watu."

Hakuacha. Alikuwa amefundisha nusu ya jiji, na nusu hiyo ilikuwa imesimama kando ya barabara. Kila hatua ishirini alisimama kumuuliza mtu mzima mwenye mvi kama siku hizi anajua kuzidisha. Mwoka mikate alitokwa jasho zaidi ya alilotokwa kwenye kilomita ishirini na moja. Saa nne na dakika mbili, chini ya makofi yaliyofunga mitaa mitatu, mwalimu alivuka, akainua fimbo yake juu kama kombe.

Dereva alichukua redio. "Mkimbiaji wa mwisho ameingia. Barabara iko wazi." Akaegesha, akazima injini, akateremka. Hakwenda kwa mwoka mikate. Alikwenda moja kwa moja kwa Chiriku na kuchuchumaa mbele yake.

"Chiriku, baba yako ameniomba nimkubali awe mume wangu. Kabla sijamjibu, nataka nikusikie wewe. Usiogope kusema lolote."

Chiriku alikunja uso akafikiri. "Utahamia kwetu, au sisi tutahamia kwako?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu kwetu mlango wa choo haufungi. Lazima uimbe muda wote uliomo ndani. Baba anaimba vibaya."

Shangazi akajifunika uso kwa kanga. Dereva aliinuka taratibu, akamgeukia yule mwanamume aliyesimama na medali shingoni na kofia ya bibi mkononi.

"Basi mtahamia kwangu," alisema. "Milango yangu mizima."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, aliirusha kofia ya mwalimu hewani, akamkumbatia Dereva hadharani mbele ya wauguzi, wakimbiaji na mwenye kinu, na mwalimu mstaafu akaamuru kila mtu apige makofi, wakapiga.

Vitanda viwili vya joto vilifika wiki tatu baadaye. Kwa miaka mitano Dereva alikuwa akileta watoto mpaka mlango wa wodi ile, anawakabidhi, anageuza. Siku hiyo alivua viatu, akanawa mikono, akaingia, vidole vyake vimefungana na vya mchumba wake. Mama mmoja kijana, macho mekundu kwa kukesha, alikuwa ameketi kando ya kitanda kipya ambamo mwanawe alilala peke yake, amejinyoosha, ana nafasi ya kutupa mikono atakako.

"Ana jina?" Dereva aliuliza.

"Analo," yule mama alisema kwa fahari, akamsogezea kiti. "Karibu ukae, nikutajie."